Aipisi ya kilo moja, darubini ikapiga magoti

Siku ya kwanza nimeweka aipisi, kile kipande chenye lenzi unachowekea jicho, ya milimita 30, ile inayofungua upana wa nyuzi 82 mbele ya jicho, kwenye Dobson yangu ya inchi 8, darubini ya kioo ambayo bomba lake unalipandisha na kulishusha kwa mkono, nikakaza skrubu, nikaachia bomba nigeuke kumwita mpwa wangu aje aone. Bomba likaanza kuinama taratibu kama mzee anayesinzia msikitini, mdomo ukashuka mpaka ukawa unaangalia migomba ya jirani. Aipisi yenyewe inakaribia kilo moja, yaani ni kama umeninginiza pakiti ya sukari kwenye fokasa, pale aipisi inapochomekwa, wakati ile ndogo iliyokuja na darubini haizidi sana gramu mia.

Watu wananiuliza kama inafaa kuhangaika na dude zito hivi. Kwangu inafaa, tena sana. Darubini yangu ina urefu wa fokasi, yaani umbali toka kioo kikubwa mpaka picha inapokusanyika, milimita 1200, kwa hiyo aipisi ya 30 inakuza mara 40 na ukigawa 82 kwa 40 unapata kama nyuzi 2 za anga, sawa na miezi mpevu minne imepangwa foleni. Kilimia kinaingia chote, na kuzunguka kinabaki kiza kidogo, unahisi umekaa dirishani sio unachungulia tundu la ufunguo. Ile ya milimita 24 ya nyuzi 68, ya shingo nyembamba ya inchi moja na robo, inaishia nyuzi 1.4 hivi. Ni nzuri, nyepesi, na kama hela inabana chukua hiyo ulale usingizi, ila ukishaonja ile nyingine kurudi nyuma ni shida.

Sasa tuje kwenye uzito. Niko nje kidogo ya Iringa, na vitu vyangu ninavyovipenda viko kusini na havipandi sana, mfano Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani yetu, mwezi wa kumi na mbili hata likifika juu kabisa linakuwa kama nyuzi 28 tu kutoka upeo. Hapo ndipo Dobson inateseka, maana bomba likilala aipisi inakuwa mbali na mhimili na inavuta kwelikweli, ukielekeza utosini haisumbui hivyo. Kwa hiyo usijaribu mizani ukiwa umeelekeza juu halafu ukasema iko poa, laza bomba ndo ujue.

Dawa yangu ni sumaku za spika mbovu. Nilizipata kwa fundi redio mjini karibu na bure, nikazivisha soksi zisichubue rangi, nazibandika nyuma karibu na kioo kikubwa. Nilidhani kilo moja inatosha kumbe wapi, ilibidi ifike kama kilo moja na nusu, kwa sababu kitako cha bomba kiko karibu na mhimili kuliko fokasa, ni kama bembea ya ubao, mtoto anayekaa karibu na katikati lazima awe mnene zaidi. Bomba lako likiwa la aluminiamu au karatasi ngumu sumaku haishiki, tumia mfuko wa mchanga na mkanda. Na ukitaka kubadilisha aipisi shika bomba kwanza, mimi nilichomoa ile nzito nikasahau sumaku nyuma, mdomo ukaruka juu ukanipiga kidevu.

Skrubu nazo. Fokasa yangu ina mbili, usiku mmoja nilikaza moja tu kwa uvivu, baridi vidole vimekufa ganzi, nikazungusha bomba na aipisi ikateleza ikadondoka mchangani. Lenzi zilipona, Mungu mkubwa, ila shingo ina mkwaruzo mpaka leo. Kaza zote mbili, halafu jaribu kuivuta kwa mkono. Kama fokasa yako ni ile laini isiyo na meno, iongezee mkazo pia, la sivyo unafokasi vizuri halafu inashuka yenyewe na unabaki unalaumu macho.

Kingine kidogo, darubini ya f/5 (urefu wa fokasi ukigawa kwa upana wa kioo) kushuka chini inabagua aipisi, za bei chee nyota za pembeni zinaota mikia kama viluwiluwi. Kwenye f/6 yangu naona kidogo tu nimezoea. Na kama uko katikati ya mji wenye taa nyingi, 30 inakupa anga la kijivu, bora uende 20 au hata 16, anga linakuwa jeusi zaidi.

Ukungu wa huku ndo bado unanishinda. Lenzi ya aipisi kubwa hivi ikishapoa pumzi moja tu inaifunika na inachukua muda kweli kukauka, kwa hiyo nikiwa siitumii naivisha kofia ya sufu ya mwanangu, na yeye kila asubuhi anaitafuta akienda shule.