Kwa Nini Guka Hakudai Fidia

Mwanangu,

Picha uliyonitumia ya ule mnara wa Mau Mau, pale Uhuru Park Nairobi, nimeitazama mara nyingi. Mwanamke anampa mpiganaji wa msituni chakula, na kila mmoja amegeuza uso asimwone mwenzake, ili akikamatwa asiwe na wa kumtaja. Chini yake ukaniandikia: "Mama, Waingereza walilipa. Guka alikaa kizuizini miaka minne. Kwa nini hakudai?" Nilitaka kukupigia simu, lakini haya ya guka wako, baba yangu, nikiyaanza kwa mdomo huwa siyamalizi. Basi soma.

Mwaka 2012 walikuja nyumbani vijana wawili wenye fomu, mmoja msichana wa rika lako. Walikuwa wakizunguka vijijini kuandikisha wazee waliowahi kufungwa kambini. Niliyewaita ni mimi. Nilimwekea guka kiti chini ya mparachichi, nikapangusa meza, nikamvalisha lile koti lake la kuendea harusi za watu. Vijana wenyewe walikuwa na adabu. Walimwamkia vizuri kwa Kikuyu, wakamuuliza kwa Kikuyu: ulikamatwa lini, ulikamatiwa wapi, nani alikutaja?

Guka akajibu kwa Kiswahili. "Sijui, afande."

Msichana akacheka kidogo, akidhani mzee anatania. Akauliza tena. "Sikuona, afande. Hapana, afande." Mikono ameilaza magotini, viganja juu, kama mtu anayeonyesha kwamba hajashika kitu. Maswali kama saba hivi, na majibu ni yale yale. Kisha akainuka, akaenda kumhamisha ng'ombe. Nami nikamkasirikia, mwanangu. Nilimwambia ametuaibisha mbele ya wageni. Pesa sikuzijutia hata siku moja. Neno hilo ndilo ninalolijutia.

Unakumbuka guka hakuwa mtu wa Kiswahili. Mimi nimekifundisha miaka thelathini na hakuwahi kunijibu salamu kwa lugha hiyo. Kiswahili chake alikiokota kambini Manyani, nacho kilikuwa cha amri tupu: chuchumaa, simama, hesabu, haraka. Alikitumia kwa ng'ombe mkaidi, na kwetu sisi watoto siku tulipokosea sana. Tukisikia "Chuchumaa!" tulijua leo kuna fimbo.

Alikamatwa Nairobi tarehe 24 Aprili 1954, siku Waingereza walipouzingira mji kwa maelfu ya wanajeshi na polisi. Operesheni ile waliiita Anvil, yaani fuawe, na jina lilifaa. Guka alikuwa seremala Kariokor, miaka 24. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitolewa majumbani na makazini, wakachuchumazwa safu safu. Mbele yao alikaa mtu aliyefunikwa gunia, matundu mawili tu ya macho. Watu walimwita gakunia. Haongei, anatikisa kichwa tu, na akikutikisia umekwenda. Guka akapelekwa Langata, kisha akapakiwa kwenye garimoshi hadi Manyani, hapo unapopapita kwenye barabara ya Mombasa kabla hujafika Voi. Jina ni la nyani, na guka alikuwa akisema nyani wenyewe walikaa nje ya seng'enge wakiwatazama watu. Huo ndio mzaha pekee niliowahi kumsikia akiufanya juu ya kambi.

Mwishoni mwa mwaka huo serikali ya kikoloni, kwa hesabu zake yenyewe, ilikuwa na watu zaidi ya 70,000 kizuizini, wengi wao bila kusimamishwa mbele ya hakimu yeyote. Manyani ikaingiwa na homa ya matumbo, watu wakafa. Lakini ukimsikiliza guka, ugonjwa na njaa havikuwa ndivyo vilivyomkaa. Vilivyomkaa ni maswali.

Maana kambi zile zilikuwa mtambo wa kuuliza. Waingereza waliuita mfumo wao bomba. Mtu anachujwa, anaandikwa mweupe, wa kijivu au mweusi, si kwa ngozi bali kwa jinsi wanavyomwona amekishikilia kiapo cha Mau Mau. Ukiungama kiapo na kutaja uliokula nao, unasogezwa kambi iliyo karibu na kwenu. Ukinyamaza unarudishwa nyuma, hata kisiwani Mageta au Lodwar kwenye jangwa. Na kila kambi mpya unaanza upya: mtu mwenye meza, karatasi na kalamu, na jibu lako ndiyo nauli ya kurudi kwa mkeo.

Na mimi nikampangusia meza.

Alipofikishwa Mwea walichimbishwa mifereji ya maji ya mashamba ya mpunga. Sasa unajua kwa nini Krismasi, sote tukigombania pishori, mchele wa Mwea, yeye alikuwa akipikiwa viazi vyake pembeni. Ulipokuwa mdogo ulimwambia guka anaogopa wali, akakwambia ni kweli.

Karatasi nazo alikuwa na kesi nazo. Yalipotokea mauaji ya kambi ya Hola, kando ya Mto Tana, yeye alikuwa ameshatoka. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa waliokataa kufanya kazi walipigwa virungu hadi 11 wakafa, na taarifa ya kwanza ya serikali ikasema wamekufa baada ya kunywa maji. Guka alilijua jua la Mto Tana kwa masimulizi ya wenzake, na virungu alivijua mwenyewe. Tangu siku hiyo kila akisomewa jambo gazetini alikuwa akiuliza, "Ni la maji hilo?" Sisi tulidhani ni msemo wa wazee.

Cucu wako, mkewe guka, naye hakuwa huru huko nyumbani. Zaidi ya watu milioni moja walihamishiwa vijiji vya lazima vilivyozungushiwa handaki lenye miti iliyochongwa ncha. Handaki la kijiji chao alilichimba yeye na wanawake wenzake, mjomba wako mkubwa akiwa mgongoni. Wakati huohuo mashamba yakakusanywa na kupimwa upya. Wanaume wako Manyani, basi waliosimama kusema "mpaka wangu unafika hapa" ni homugadi, Wakikuyu waliowatumikia Waingereza kwa silaha, na jamaa zao. Guka alirudi 1958, akakuta kipande chake cha mtoni ni cha jirani, yeye kaandikiwa ule mteremko wa mawe ambao wewe utotoni ulikuwa ukiuteremka kwa kuteleza juu ya sufuria.

Kuhusu malipo, umesoma sawa. Juni 2013 serikali ya Uingereza ilisema inasikitika, ikakubali kutoa pauni milioni 19.9, gharama za mawakili zikiwa ndani yake, kwa watu 5,228. Mnara ulioupiga picha umetokana na mapatano hayohayo. Wengine zaidi ya 40,000 walifungua kesi yao baadaye, ikatupwa London mwaka 2018, wameambiwa muda umepita.

Sasa la mwisho. Wiki mbili baada ya wale vijana kuondoka, nilikuwa nachambua maharagwe, guka akaja akakaa karibu nami. Akaniambia yule wa gunia alimjua. Gunia lilifika magotini tu, miguu ilikuwa nje. Mguu wa kushoto haukuwa na kidole kidogo, na guka alikuwepo siku kilipokatwa, wakiwa wavulana wawili wanapasua kuni kwa shoka moja. Jina akanitajia. "Wangeniuliza," akasema, "na karatasi haisahau." Akachukua konzi ya maharagwe akaanza kuchambua, vibaya kama kawaida yake, mawe akiyaacha ndani.

Mtu huyo alikufa 1987. Nilikuwepo mazishini. Guka alishika sepetu akafukia pamoja na wengine, hakuwahi wala hakuchelewa kuliko wengine, akarudi nyumbani akaoga.

Watoto wake bado wanalima kando ya mto, na mmoja ulicheza naye kwenye harusi ya binamu yako. Kwa hiyo jina hilo ukija Desemba usiniulize. Fomu utaiona, ipo kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha cucu. Ina tarehe na jina la kijiji, kwa mwandiko mzuri wa yule msichana. Sehemu nyingine zote ziko wazi.

Mamako