Kituo cha sola kinakuja kijijini: maswali yenu

Nyaya za msongo mkubwa zitapita juu ya paa zetu. Kwa nini tunaambiwa huenda tukabaki gizani?

Swali hili limeletwa na wengi, nami linaniuma kila ninapolisoma. Paneli hutoa umeme wa mkondo mmoja, kama wa betri. Inverta huugeuza uwe wa aina ya gridi, kisha transfoma huupandisha hadi makumi ya maelfu ya volti au zaidi, ili usipotee sana njiani. Kuushusha tena hadi nyumbani kunahitaji transfoma za kupozea, nguzo na laini za usambazaji, na mara nyingi hivyo havimo kwenye bajeti ya mwekezaji. Ni mradi mwingine wenye fedha zake. Basi ulizeni kwenye mkutano wa kwanza, kabla ya saini: nani atajenga laini ya kijiji, na lini? Jibu liandikwe kwenye mkataba. Matingatinga yakishaingia shambani, nguvu yenu ya kudai imekwisha nusu.

Ardhi kiasi gani?

Kadiria hekta mbili kwa megawati moja. Kituo cha Garissa, Kenya, cha takribani megawati 50, kimechukua hekta 85. Kondoo wanaweza kulishwa chini ya paneli na kupunguza kazi ya kufyeka. Mbuzi hapana: hupanda juu na kutafuna nyaya.

Kwetu joto ni kali. Si ndiyo umeme mwingi zaidi?

Hapana. Paneli hutaka mwanga. Uwezo wake hupimwa seli zake, yaani vipande vinavyogeuza mwanga kuwa umeme, zikiwa na joto la nyuzi 25, na kila nyuzi inayozidi hapo hupunguza nguvu kwa karibu asilimia 0.3 hadi 0.4. Jua la mchana huzifikisha seli nyuzi 60.

Ajira zitadumu?

Nyingi ni za ujenzi, na huisha nao. Baadaye hubaki mafundi wachache, walinzi, waosha paneli na wafyekaji.

Miaka 25 ya kukodisha ardhi ikiisha?

Paneli bado zitafanya kazi, kwa nguvu iliyopungua. Linalonitia hofu ni kuziondoa. Dai fedha za kusafisha eneo zitengwe mapema, mahali ambapo kampuni haiwezi kuzigusa. Ikifilisika kabla ya hapo, mwenye shamba ndiye atakayeng'oa maelfu ya nguzo za chuma zilizobeba paneli.