Kuikumbuka Dar ukiwa mkoani: jibu langu kwa dada wa Kigoma

Dada yangu, umeuliza mambo mawili. La kwanza: kwa kuwa kila ukisikia Bongo Fleva au ukiona video iliyopigwa Dar moyo unakuuma, uache kabisa kusikiliza mpaka uzoee huko Kigoma ulikomfuata mumeo? La pili: ukienda likizo Dar, si utajitonesha kidonda? La kwanza nalijibu hapahapa juu: usiache. La pili nitalifikia.

Mimi ni mtu wa Temeke. Nimezaliwa kule, nimesoma kule, halafu kazi ikanileta Njombe, na niko huku kwa miaka sasa. Wengi waliotangulia kukujibu humu mtandaoni wamesema jikaze, utazoea. Ni kweli utazoea, lakini mtu anaweza kuzoea mahali huku bado ana kiu, na kiu yenyewe inafaa aijue ni ya nini.

Nyimbo hujazikosa. Wimbo ukiachiwa Dar saa sita usiku, dakika ileile uko kwenye simu yako Kigoma na kwenye yangu Njombe. Filamu hivyohivyo, tamthilia hivyohivyo, umbea wa mastaa ndiyo usiseme. Tunapata kila kitu, tena pengine kabla ya ndugu zetu walioko Tandika ambao bando limewaishia. Sasa kwa nini inauma?

Kwa jinsi ninavyoona mimi, tunachokikosa ni kusikia bila kuchagua. Temeke ulikuwa unaamshwa na redio ya jirani. Unaoga, taarabu inatoka nyumba ya pili. Unatoka barabarani, kinyozi ameshaweka spika mlangoni. Unapanda daladala ya kwenda Kariakoo, dereva ana flashi yake na hakuna anayekuuliza unataka kusikiliza nini. Wimbo ambao huupendi unausikia asubuhi na jioni, wiki nzima, mpaka siku moja unajishtukia unauimba huku unafua. Na wimbo mpya tulikuwa tunaujua kuwa umeshika mji pale abiria waliobanana, hawajuani, mmoja ana mfuko wa dagaa mwingine kashika bomba kwa vidole viwili, wote wanaitikia kiitikio kwa chini chini, na konda naye anagonga bodi ya gari kwa mdundo uleule. Hapo hakuna chati inayohitajika.

Na mpira pia umo, kwa sababu Dar huwezi kutenganisha muziki, mpira na umbea. Vyote vinaishi kijiwe kimoja. Kwetu hapakuwa mbali na Uwanja wa Taifa, huu ambao tangu 2020 unaitwa Uwanja wa Benjamin Mkapa. Siku ya Simba na Yanga tusio na tiketi tulijazana sebuleni kwa jirani. Matangazo ya televisheni huchelewa kidogo, maana picha inapanda kwenye setilaiti na kushuka. Kwa hiyo unaweza kuwa unaangalia kiungo anapiga pasi katikati ya uwanja, mambo yametulia kabisa, ghafla unasikia mngurumo unakuja kutoka uwanjani, unapita juu ya mabati. Uwanja wenye watu 60,000 ukilipuka, Temeke nzima inajua. Sebuleni wote tunasimama. Goli limeingia, lakini la nani? Kwa sekunde zile chache mtu wa Msimbazi, yaani Simba, na mtu wa Jangwani, yaani Yanga, wanaangaliana, kila mmoja ana uhakika ni la kwake. Halafu picha inafika, nusu ya sebule inaruka, nusu inakaa chini.

Njombe nina kisimbusi kilekile. Mechi ileile, watangazaji walewale, hata kioo ni kikubwa zaidi. Mngurumo ndio haupo. Siku nilipotambua kwamba nilichokuwa nakitafuta kwenye mechi ni ule mngurumo, ndipo nikaelewa kwa nini hata nyimbo zilikuwa zinaniacha na upweke. Vitu hivi Dar havikuwa vyangu peke yangu. Simu inanipa kila kitu nikiwa peke yangu.

Nakumbuka Aprili 2012, Steven Kanumba alipofariki. Sikuwa mtu wa kufuatilia sana Bongo Movie. Kusema ukweli zile filamu za wakati ule zilikuwa na majumba na masofa mengi kuliko mitaa, na mtu wa Temeke ilimbidi atafute sana ili aone uchochoro unaofanana na wa kwao. Lakini asubuhi ile kila redio, kila kibaraza, kila meza ya magazeti ilikuwa jambo moja. Unazijua zile meza: watu wamesimama wameinamisha vichwa, wanasoma vichwa vya habari bila kununua, na mjadala unaanza kati ya watu ambao hawajasalimiana. Kina mama waliokuwa hawana muda wa kuangalia filamu walikuwa wanafuta machozi na kanga. Maelfu walienda kumuaga Leaders Club kabla ya kuzikwa makaburi ya Kinondoni. Ningekuwa nimehamia huku tayari, ningesoma habari zote, ningeona picha zote, na nisingejua mji ulikuwaje siku ile.

Sasa ufanyeje. Nakupa yaliyonisaidia mimi. Wengine watakuwa na yao.

Punguza kusikiliza nyimbo ulizojipangia kwenye simu, fungua redio ya Dar mubashara. Namaanisha mubashara kweli, saa ileile wanayosikiliza wao, siyo kipande kilichorekodiwa. Orodha yako ya nyimbo inakurudisha kwenye ulichokipenda zamani. Redio inakuwekea usichokitarajia, na unajua kuna mtu Mbagala na mwingine Mwananyamala wanasikia muda huohuo. Mimi asubuhi nasikiliza mpaka taarifa za barabarani. Mtangazaji anasema kuanzia Tazara kwenda Buguruni magari hayasogei. Mimi niko Njombe, nje ukungu, barabara haina gari, na nasikiliza mpaka neno la mwisho. Daraja la juu la Mfugale lilipofunguliwa pale Tazara 2018 nilifurahi kama vile na mimi nitapita jioni. Mke wangu mwanzoni alikuwa anashangaa, siku hizi ananiuliza leo foleni iko wapi.

Jambo la pili ni gumu kidogo kwa watu wa rika letu: sikiliza vitu vipya. Kwetu sisi tuliokulia Temeke, Juma Nature na Wanaume TMK walikuwa zaidi ya wasanii. Waliitaja Temeke kwa majivuno wakati mji mzima ulikuwa unatuona wahuni. Nikiweka nyimbo zile naweza kukaa saa nzima sifanyi lolote. Lakini nikizisikiliza hizo tu, naishi kwenye Dar ambayo hata wenyeji hawanayo tena. Kituo cha mabasi cha Ubungo tulichokuwa tunashukia usiku na mabegi kimehamia Mbezi Luis tangu 2021. Barabara ya Kilwa ina njia za mwendokasi. Kigamboni unaenda kwa daraja tangu 2016, ingawa mimi bado nampigia kura pantoni. Hizo video za zamani zinazokuliza ziangalie bila wasiwasi, maana zimetuhifadhia mitaa ambayo haipo tena. Ila usizifanye chakula cha kila siku.

Kwa upande wangu kilichonirudisha ni singeli. Najua wengi humu hamuipendi, na nilipokuwa Dar nilikuwa naisikia kwenye vigodoro, zile ngoma za mtaani za kukesha, usiku nikiwa nataka kulala. Muziki huu ulitoka uswahilini hasa, Tandale, Manzese, Mburahati, ukapigwa kwa kompyuta za kawaida kwenye vyumba vidogo, kasi yake inapita mapigo 200 kwa dakika. Wakubwa waliudharau kwa miaka. Kisha 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso ya Mburahati, na vijana wale wakaanza kualikwa kupiga Ulaya. Mimi naipendea jambo moja: MC anataja mitaa. Anataja marafiki zake wa Mtoni, anamsalimia fundi friji wa Yombo, anamshukuru mama aliyetoa jiko la ubwabwa. Ukiisikiliza kwa makini unapata habari za uswahilini ambazo hakuna gazeti litaziandika. Jaribu mara tatu kabla hujaikataa.

La tatu, tafuta watu. Usiangalie mechi ya watani, Simba na Yanga, nyumbani peke yako. Huku Njombe kibanda umiza, kile kibanda cha kulipia kuangalia mpira, kipo kama popote, ila watu wamevaa makoti na kofia za sufu, na mvuke unatoka midomoni wanapobishana. Ubishi ni uleule: nani kabebwa, nani kahujumiwa, kocha aondoke. Msimu wa 2017/18 Njombe Mji walikuwa Ligi Kuu, timu kubwa za Dar zikawa zinakuja uwanja wa Sabasaba wa hapa Njombe, na mimi nikajikuta na mtihani wa moyo ambao sikuutarajia, maana niliokaa nao jukwaani walikuwa majirani zangu, na nilitaka wafurahi. Timu ilishuka msimu uleule. Lakini tangu hapo nina kijiwe changu, na nina watu wa kuwapigia kelele.

Na wewe, dada, uko sehemu nzuri kuliko unavyodhani. Diamond Platnumz amekulia Tandale lakini asili ya mama yake ni Kigoma. Familia ya Alikiba asili yao ni hukohuko. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya mkoa huo, Diamond, Ommy Dimpoz, Mwasiti, Linex na wengine, walijikusanya wakaitwa Kigoma All Stars wakatoa wimbo wa kusifia kwao. Reli ya Kati ilifika Kigoma 1914, na kwa zaidi ya karne imekuwa ikishusha Dar watu wenye ala, sauti na vipaji vya mpira. Unapolia kwa kuikumbuka Dar, sehemu ya hiyo sauti ilianzia mtaa ambao huenda mumeo anaujua.

Na siyo Kigoma tu. Sugu ni wa Mbeya, Rayvanny naye wa Mbeya. Fid Q wa Mwanza. Harmonize wa Mtwara. Kanumba mwenyewe alikuwa wa Shinyanga. Muziki na filamu tunazoziita za Dar zimetengenezwa kwa sehemu kubwa na watu waliofika pale na begi moja, usiku wanakumbuka kwao. Nadhani ndiyo maana nyimbo nyingi za Bongo Fleva zina mtu aliye mbali na mama yake. Wao waliigeuza hamu hiyo kuwa nyimbo. Sisi tunazitumia kwa safari ya upande wa pili, na sioni ubaya wowote.

Kuna kitu kidogo niongeze. Mdogo wangu wa kike yuko bado Tandika. Akinitumia ujumbe wa sauti, namwambia asiingie ndani, arekodi akiwa barabarani. Anachosema huwa ni cha kawaida, watoto wazima, mama anakusalimia. Mimi narudia kusikiliza kwa ajili ya kilicho nyuma yake: konda anaita Kariakoo, bodaboda inapita, spika ya mtu wa miwa, na mara nyingine wimbo ambao sijawahi kuusikia. Nikiupenda namuuliza ni wa nani. Nusu ya nyimbo mpya nilizonazo nimezipata hivyo. Mwombe mtu wako naye akufanyie.

Kuhusu likizo: nenda. Ila usiende kwa msiba na harusi peke yake, maana utakaa kwenye turubai siku zote na kurudi bila kuuona mji. Panga uwepo wiki ya mechi ya watani, au wiki ambayo bendi unayoipenda inapiga. Wazee wa Msondo na Sikinde wangalipo, kama baba yako alikuwa upande mmoja mpeleke. Lala mtaani kwenu hata kama kuna ndugu mwenye nyumba nzuri zaidi Mbezi. Panda daladala, kaa siti ya nyuma. Utakuta watoto wanaimba nyimbo usizozijua na utajisikia mgeni siku mbili za mwanzo. Waambie wakufundishe, wanapenda sana kumfundisha mtu mzima.

Ukirudi Kigoma, wiki ya kwanza itakuwa nzito, sikufichi. Ile wiki usikae ndani na simu. Umeandika kwamba mumeo anadhani huzuni yako ni kwamba hutaki kuishi kwao. Mwambie jinsi hali ilivyo, halafu mwombe akupeleke pale ambapo yeye na rafiki zake wanaangaliaga mpira, na akuonyeshe nyimbo za ujana wake zilizokuwa zinapigwa mtaani kwao.

Hukusema ulikuwa mtaa gani Dar, wala kama ni Simba au Yanga. Ukijibu hayo mawili naweza kukuunganisha na watu wa mtaa huo walioko Kigoma, maana humu wapo na nimeshawaona wakichangia.