Mama kaacha vidonge anakunywa maji ya mgagani, eti umepimwa maabara

SWALI: Anti shikamoo. Mama yangu ana miaka 63, magoti yanavimba yanauma, asubuhi ndo balaa, hospitali walimpa diklofenaki, vidonge vya kutuliza maumivu na uvimbe. Sasa kaka kasoma mtandaoni kwamba mgagani umepimwa maabara ukaonekana unatuliza uvimbe, basi mama kila siku anachemsha fungu zima anakunywa yale maji machungu na vidonge kaacha, anasema anajiskia nafuu. Ni kweli umepimwa au maneno ya watu tu?
Kitinda mimba, Dodoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Kaka yako hajadanganya, umepimwa. Kuna watafiti wa India waliandika mwaka 2005, waliwapa panya wenye maungio yaliyovimba miligramu 150 za ekstrakti ya mgagani kwa kila kilo ya uzito, kwa siku 30, na hali yao ikawa nafuu kuliko wenzao ambao hawakupewa. (Uvimbe tunaosema hapa ni ule wa kuwa mwekundu, kupata moto na kuuma, sio uvimbe wa kwenye kizazi, maana watu wanachanganya sana.)

Ila hiyo ekstrakti sasa. Majani yanakaushwa kivulini, yanasagwa, yanalowekwa kwenye ethanoli au methanoli (spiriti hizo), yanachujwa halafu ile spiriti inavukizwa mpaka kinabaki kitu kizito cheusi kama lami. Spiriti inavuta vitu ambavyo maji hayavuti, na maji nayo yana vyake, kwa hiyo sufuria ya mama na chupa ya maabara ni vitu viwili tofauti hata kama jani ni lile lile.

Na kupima kwenyewe kuna namna nyingi. Ya zamani, tangu 1962, panya anadungwa karagini kwenye unyayo, mguu unavimba ndani ya masaa machache, wanapima unene wake na kulinganisha na aliyepewa dawa ya uvimbe iliyozoeleka, mfano indomethasini. Hiyo karagini inatoka kwenye mwani, huu huu wanaolima kina mama wa Paje na Jambiani, mi nilivyojua nilicheka. Siku hizi wengi wanaanza na seli za panya kwenye sahani, wanazichokoza na sumu ya bakteria, zikikasirika zinatoa naitriki oksaidi, gesi ambayo ni dalili ya uvimbe, wanaweka ekstrakti waone kama inapungua. Hapo kuna mtego, seli zikifa nazo hazitoi kitu, mtu asiye makini atasema dawa imefanya kazi kumbe ameziua zote, ndo maana lazima wapime pia kama seli ziko hai. Ukisoma habari ya jani fulani tafuta hicho kipimo, kama hakipo mi naiweka pembeni.

Sasa mama. Nafuu anayoiskia siibishii, maumivu ya magoti hupanda na kushuka yenyewe. Kinachonitisha ni hiyo asubuhi. Kama magoti yanakaza zaidi ya saa nzima ndo yanalegea, na vidole vya mikono navyo vinavimba, inaweza kuwa ile athritisi ambayo mwili unajishambulia wenyewe, hiyo inakula maungio polepole hata siku ambazo hayaumi, na inataka dawa zake, sio diklofenaki peke yake wala mgagani.

Wala usimlazimishe kurudi kwenye vile vidonge kimya kimya, maana diklofenaki ya muda mrefu inachokonoa tumbo na figo na kupandisha presha, kwa umri wake sio mchezo. Mrudishe hospitali, amwambie daktari wazi kwamba kaacha na anakunywa nini. Kama anatumia wafarini ya kuzuia damu kuganda aseme pia, mboga za majani ya kijani zina vitamini K nyingi na zinavuruga hiyo dawa.

Mgagani wenyewe asiuache jamani, aupike na karanga au maziwa, ale na ugali.