Je, kifaa cha kutanua vidole kitanisaidia kupiga Chopin?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina umri wa miaka 19, napiga kinanda kanisani na ninajiandaa kwa mtihani wa piano wa daraja la nane. Mkono wangu wa kulia unafikia oktavu moja tu, yaani nota nane, na kidole cha pete ni dhaifu. Nimeona mtandaoni kifaa cha springi na mipira kinachotanua vidole. Muuzaji anaahidi kwamba baada ya miezi mitatu nitafikia nota ya kumi. Nimesoma kwamba mtunzi Schumann alitumia kifaa cha namna hiyo akakizidisha. Nikikitumia kwa kiasi, dakika 20 kwa siku, kuna ubaya? Nia yangu ni kupiga Étude (kipande cha mazoezi ya ufundi) ya kwanza ya Opus 10 ya mtunzi Chopin.

JIBU: Marahaba. Usikitumie, hata kwa dakika tano. Najua jibu la mkato halimridhishi mtu ambaye ameshaanza kudunduliza fedha za kununulia, kwa hiyo nitaeleza, na nitaanza na neno moja la barua yako lililonisumbua kuliko mengine yote, nalo ni "akakizidisha".

Barua za aina hii hunifikia mara kwa mara, na karibu zote zinamtaja Schumann kwa namna hiyo hiyo, kana kwamba kosa lake lilikuwa kipimo tu, na kwamba kifaa chenyewe kingefaa laiti angekuwa na subira. Habari zenyewe haziko hivyo. Robert Schumann alihamia Leipzig mwaka 1830, akiwa na miaka 20, ili afundishwe piano na Friedrich Wieck. Katika majira ya kuchipua ya 1832 shajara yake inataja kitu alichokiita mtambo wa sigara, alichokitumia kwa kidole cha kati cha mkono wa kulia, na kabla mwaka huo haujaisha alikuwa ameshamwandikia mama yake kwamba hana tena matumaini na kidole hicho. Wanazuoni bado wanabishana kuhusu chanzo. Wapo wanaosema mtambo ndio uliomlemaza, na wapo wanaosema kidole kilikuwa kimeshaanza kukataa amri kabla ya hapo, kwa ule ugonjwa ambao ubongo hupoteza udhibiti wa kidole kilichorudishwa mno katika mwendo mmoja, na kwamba mtambo ulikuwa dawa aliyojibunia mwenyewe. Chagua maelezo yoyote kati ya hayo mawili, na hutaona mahali ambapo dakika 20 badala ya saa mbili zingemwokoa. Utakachoona ni kijana aliyehisi kwamba kidole kina shida, naye badala ya kukipumzisha akakitafutia nguvu ya nje.

Kilichofuata kinaumiza zaidi. Alishauriwa kuutumbukiza mkono katika matumbo yenye joto ya mnyama aliyetoka kuchinjwa, akafanya hivyo. Akajaribu umeme, akajaribu mitishamba ya kufunga usiku. Wauzaji wa tiba walikuwapo wakati ule kama walivyopo sasa, nao waliahidi kwa uhakika ule ule.

Mitambo yenyewe ilikuwa biashara kubwa ya zama zile. Johann Bernhard Logier alikuwa amepata hataza ya kifaa chake, chiroplast, mwaka 1814: fremu iliyofungwa mbele ya vibao vya piano ili kuvibana vifundo vya mikono na vidole vikae mahali pamoja. Friedrich Kalkbrenner, aliyekuwa miongoni mwa wapiga piano mashuhuri kabisa wa Paris, aliunga mkono njia hiyo na kuwa na reli yake ya kuegemezea mikono. Chopin alipofika Paris mwaka 1831 akiwa na miaka 21, Kalkbrenner huyo alimtaka awe mwanafunzi wake kwa miaka mitatu. Chopin alimheshimu sana, hata akamtabaruku Koncheto (kipande cha piano na okestra) yake ya E ndogo, lakini hakukubali. Mtunzi ambaye unataka kupiga kazi yake ndiye huyo aliyekataa.

Sababu zake zinaonekana katika maandishi machache aliyoyaacha kuhusu ufundishaji. Aliona kwamba watu wamehangaika muda mrefu kuvifanya vidole viwe na nguvu sawa, ilhali kila kidole kimeumbwa kwa namna yake na kina sauti yake. Aliwaanzishia wanafunzi vidole vitano juu ya E, F-shapu, G-shapu, A-shapu na B, ili vidole virefu vikae juu ya vibao vyeusi na vifupi juu ya vyeupe, kiganja kikiwa kimetulia. Aliwaonya pia wasifanye mazoezi zaidi ya saa tatu kwa siku.

Sasa fanya jaribio hili kabla hujaendelea kusoma. Laza kiganja mezani, kunja kidole cha kati ukiingize chini ya kiganja, kisha jaribu kuinua kidole cha pete peke yake. Hakiinuki, au kinatikisika kidogo tu. Changu, baada ya miaka yote ya kufundisha, hakiinuki pia. Huo si udhaifu, kwa sababu kano zinazoinua kidole cha pete zimeunganishwa na za jirani zake nyuma ya kiganja, na hakuna springi itakayozitenganisha. Mwishoni mwa karne ya 19 walikuwapo hata madaktari wa upasuaji waliozikata kano hizo za kuunganisha kwa ajili ya wapiga piano. Kidole cha pete hupata nguvu pale kigasha na kifundo cha mkono vinapoegemea upande wake kwa kugeuka kidogo, na jambo hilo linafundishika bila kununua chochote.

Nije kwenye Étude yenyewe, kwa maana naamini hapo ndipo ulipopotoshwa. Tazama kundi la C, G, C na E katika mkono wa kulia, linalopigwa kwa vidole 1, 2, 4 na 5, tukihesabu kuanzia gumba. Kutoka kidole gumba hadi kidole cha mwisho ni nota ya kumi, na mtu akiona hivyo huamini kwamba lazima mkono ufunguke kiasi hicho wote kwa mara moja. Lakini soma nota mbili mbili: C hadi G ni nota ya tano, G hadi C ni ya nne, C hadi E ni ya tatu. Wakati kidole cha mwisho kinagusa E, gumba halina kazi tena kule chini, na linachotakiwa kufanya ni kuja kukaa juu ya C ile ile ambayo kidole cha nne kimetoka kuiacha. Kwa hiyo mkono unafunguka na kujikunja, unafunguka na kujikunja, huku mkono mzima ukisafiri kuelekea kulia. Mpigaji anayeulazimisha ubaki wazi ndiye anayechoka kufikia ukurasa wa pili, hata kama ana vidole virefu. Anza polepole mno, bila pedali, na kila baada ya nota nne uhakikishe kwamba kiganja kimelegea.

Na pale nota zinapoandikwa kupigwa kwa pamoja na mkono haufiki, zivunje kuanzia chini kwenda juu, pedali ikishikilia ya chini. Mtunzi Mrusi Rachmaninoff, ambaye mkono wake ulifikia nota ya kumi na mbili, alianza Koncheto yake ya Pili kwa nota ambazo wapigaji wengi wa jukwaani huzivunja hivyo hivyo. Mtunzi mwenzake Alexander Scriabin alisoma naye Moscow, na mkono wake ulikuwa mdogo, haukuvuka sana oktavu. Mwaka 1891 Scriabin aliuumiza mkono wa kulia kwa kung'ang'ania vipande vigumu vya Liszt na Balakirev kupita kiasi; madaktari walikata tamaa, lakini mkono ulipona. Aliendelea kutunga na kupiga hadi alipofariki mwaka 1915, kwa mkono ule ule mdogo.

Ningeishia hapa kama jambo hili lingekuwa lako peke yako. Siku hizi ninaletewa wanafunzi ambao walimu wao wamewaambia kwamba maumivu ya kigasha ni dalili ya maendeleo, na wengine wamefungwa mipira vidoleni kwa agizo la mtu aliyejifunza kutoka video tatu. Mwaka jana alikuja binti aliyetumia kifaa kama chako kwa majuma sita. Nilimwomba apige skeli ya C kubwa, taratibu, oktavu moja. Alipofika kwenye G, kidole chake cha pete kilijikunja chenyewe kikagusa kiganja, na yeye akakitazama kama kitu cha mtu mwingine. Tulifunga piano kwa miezi minne, akawa anahudhuria kwa daktari wa mishipa ya fahamu, na hadi leo tunapiga kwa dakika 10 tu na kupumzika.

Kwa hiyo yeyote anayesikia ganzi, mkono unaowaka usiku, au kidole kinachojikunja bila kutumwa, aache kupiga siku hiyo hiyo na amwone daktari, asimwone muuzaji wala asinitumie video nimpe zoezi. Wazazi wanaowaagizia vifaa hivi watoto wa miaka 10 wajue kwamba mkono wa umri huo bado unakua, kwamba viungio vyake havijakomaa, na kwamba oktavu ambayo mtoto hafikii leo huenda akaifikia baada ya miaka miwili bila kuguswa na mtu.