Maswali ya Wasomaji: Simu Inayolia Mara Moja na Kukatika

SWALI: Assalamu alaykum, Mhariri. Mwanangu ni baharia kwenye meli za mizigo, na dada yangu ameolewa Ngazija, hivyo simu za kutoka nje si jambo geni kwangu. Hivi majuzi simu yangu ililia mara moja usiku, ikakatika kabla sijaifikia. Namba ilianza na +269. Nilipoirudishia nilisikia mlio wa kuita tu, hakuna aliyesema nami, na nilipokata nikakuta salio limekwisha. Majirani wananiambia nisipige tena namba yoyote ya nje. Je, nifanyeje nami nina watu wangu huko?
Msomaji, Kisauni

JIBU: Wa alaykum salaam, mama yangu, na pole kwa hasara hiyo. Ushauri wa majirani zako unamfaa mtu asiye na jamaa ng'ambo, na hapa Mombasa watu wa namna hiyo si wengi. Wewe unahitaji njia ya kumtambua wako, si kujifungia.

Hila hii ilianza kujulikana Japani, na sasa inaitwa Wangiri duniani kote. Kompyuta hupigia maelfu ya namba, huiacha kila simu ilie mara moja, kisha hukata upesi, kwa kuwa simu isiyopokewa haimgharimu mpigaji chochote. Wanachokingojea ni wewe urudishe. Namba utakayoipigia huwa ni ya malipo ya juu, au ni ya nchi ambayo kuunganishiwa simu yake ni ghali, na kampuni yako ya simu hulazimika kuilipa kampuni ya huko kwa kila dakika unayokaa hewani, kisha sehemu ya malipo hayo ikamfikia tapeli. Ndiyo sababu ni vigumu kurudishiwa fedha zako baadaye: zimekwisha kuvuka mpaka.

Kwa hivyo tapeli hutafuta kila njia ya kukuchelewesha. Wengine huweka muziki, wengine huweka sauti ya mtu asemaye "haloo, haloo, sikusikii", na wengine, kama ilivyokupata wewe, huweka mlio uliorekodiwa wa simu inayoita. Mlio huo una dalili yake. Iondoe simu sikioni uangalie kioo: simu inayoita kweli haijaanza kuhesabu sekunde, lakini ukiona sekunde zinasonga, saba, nane, tisa, nawe bado unasikia mlio wa kuita, jua kwamba simu imekwisha kupokewa na unatozwa. Kata papo hapo.

Tarakimu +269 ni za Komoro kweli, ingawa tapeli mwenyewe aweza kuwa popote duniani, na wala tusiwadhanie vibaya Wangazija kwa jambo hili. Kompyuta ile haikujua kwamba una dada huko. Basi hifadhi namba za jamaa zako wote kwa ukamilifu wake, kuanzia alama ya kujumlisha, iwe +269 ya Komoro, +968 ya Omani au +971 ya Imarati, ili kila wanapopiga uone jina. Namba ya nje isiyo na jina usiirudishie. Mwenye haja nawe atapiga tena au atatuma ujumbe. Ukishikwa na wasiwasi, mpigie dada yako kwa namba yake uliyoizoea, au mtumie sauti kwa WhatsApp. Patana nao pia kwamba atakayebadilisha laini aandike kwanza, ataje jambo mnalolijua nyinyi wawili tu. Huku kwetu tumezoea kubipiana ili mwenye salio ndiye apige, na mazoea hayo ndiyo yanayomneemesha tapeli. Kwa simu za nje, naomba tuyaache.

Kuhusu mwanao, ongeza jambo moja. Meli ikiwa mbali na nchi kavu huenda akatumia simu ya setilaiti, ambayo namba yake mara nyingi huanza na +870. Kuipigia namba hiyo kutoka Kenya ni ghali mno hata pasipo utapeli wowote. Mwambie awe anapiga yeye, nawe usirudishe.

SWALI: Nimetumiwa ujumbe kwamba ukipokea simu kama hizi, kwa sekunde tatu tu wanaikopi laini yako na kuchukua pesa za M-Pesa. Ni kweli?
Msomaji, Likoni

JIBU: Si kweli, ndugu yangu, na tafadhali usiusambaze. Kupokea simu ukiwa hapa nchini hakukutozi kitu, na pesa za M-Pesa hazitoki bila PIN. Hatari iko kwenye mazungumzo. Namba ya humu humu nchini inakubipu, unarudisha, na mtu mwenye sauti ya upole anadai ni mfanyakazi wa kampuni ya simu na kwamba laini yako inakaribia kufungwa. Kisha anakutaka PIN, au namba ya kitambulisho, au ubonyeze nyota mbili na 21 ikifuatwa na namba fulani, jambo ambalo huzielekeza simu zako kwake. Safaricom huwapigia wateja wake kwa 0722 000 000 pekee, na hata kwa namba hiyo hawakuulizi PIN. Akidai amekutumia pesa kimakosa, angalia salio lako mwenyewe bila kutegemea ujumbe aliokutumia, kisha mwambie apeleke ujumbe wake wa M-Pesa kwa 456. Ujumbe wa kitapeli upeleke 333, ni bure.

SWALI: Nauza nafaka Kongowea, na wateja wengi hunipigia kwa namba nisizozijua. Siwezi kuacha kuwarudishia.
Msomaji, Kongowea

JIBU: Wala usiache. Namba za +254 zirudishie, zikiwemo za mezani za Mombasa zinazoanza na +254 41, ila usimpe yeyote siri zako. Soma vizuri tarakimu ya tatu, kwani +252 ya Somalia hufanana na yetu kwa mtu mwenye haraka. Na ikiwa laini yako ni ya kulipa mwisho wa mwezi, iombe kampuni yako ifunge simu za kimataifa usizozihitaji, kwa sababu mwenye kununua salio hasara yake hukomea salio linapokwisha, lakini bili huendelea kupanda.