Maswali yenu: Mashine ikininyima mkopo, nimuulize nani?

*Niliomba mkopo wa shilingi 3,000 kwa simu, nikanyimwa papo hapo. Nani alinichunguza? Mama mboga, Nakuru*

Hakuna mtu aliyekuchunguza, mama. Programu imekupa alama tu. Lakini kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 kinasema usiamuliwe na mashine pekee katika jambo linalokugusa sana. Wakifanya hivyo, wakuarifu kwa maandishi, nawe una haki ya kudai uamuzi upya usioachiwa mashine peke yake. Ipo mianya, mkubwa zaidi ni ile "Nakubali" tunayobonyeza bila kusoma (hata mimi sisomi). Waandikie hata hivyo: taja kifungu, weka tarehe, baki na nakala. Wakikaa kimya, nenda kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data.

*Serikali ilizindua mkakati wa akili unde (AI) Machi 2025. Si huo ndio mwongozo wetu wa maadili? Mwanafunzi, Eldoret*

Siyo. Mkakati ule wa 2025–2030 ni dira, na dira huwezi kuipeleka kortini.

*Basi tunakili mwongozo wa UNESCO wa maadili ya akili unde tumalize kazi. Msomaji, Voi*

Ni mzuri, na nchi wanachama 193 ziliupitisha 2021. Ila kumbuka ukumbi wa KICC, Nairobi, 2023. Watu walijaa foleni wakapigwa picha za mboni za macho na Worldcoin, mradi wa sarafu za kidijitali, kila mmoja akitarajia sarafu hizo za kama shilingi 7,000. Ukiwauliza, wote walikubali. Lakini mtu ambaye hajalipa kodi ya nyumba anakataaje? Serikali ilisimamisha shughuli hiyo Agosti mwaka huo, na Mahakama Kuu ikaamuru data ifutwe Mei 2025. Hesabu miezi hiyo yote. Mimi ningeanza mwongozo wetu na sentensi mbili: ridhaa ya kununuliwa si ridhaa, na kila mfumo uwe na afisa mwenye jina na nambari ya simu inayopokelewa. Hayo mengine ya "uwazi" na "usawa" yafuate nyuma.

*Tuseme akili unde au akili mnemba? Mwalimu, Lamu*

Zote zinatumika, Tanzania utasikia zaidi mnemba. Simu yangu haijui yoyote: kila nikiandika unde, inanipa kunde.